Chai Kwenye Kibodi ya Marehemu

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, lina muhuri na saini ya mkuu: usaili wa nafasi ya mchapaji ni keshokutwa asubuhi, na kila mwombaji aje na kibodi yake. Ofisi haina za kutosha. Ofisi yenyewe ina zulia mpaka mlango wa choo, na gari la mkuu huoshwa asubuhi na jioni hata siku ambayo halikutoka, lakini kifaa cha kuchapia barua ndicho kilichokosekana. Watu walisoma, wakaguna, wakaenda kutafuta kibodi. Ndivyo tulivyozoezwa. Mwenye shida ndiye anayebeba vyombo.

Nyumba ya fundi cherehani haikuwa na haja ya kuguna, kwa sababu kibodi ilikuwepo. Ilikaa kwenye meza ya chumba cha mbele, nzito kama tofali, ya rangi iliyowahi kuwa nyeupe, na kila kitufe kikibonyezwa kililia ta, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Marehemu mke wa fundi aliichapia ofisini hapo hapo penye tangazo, na siku walipomwondoa kwa barua ya mistari michache aliondoka nayo kwapani, kwa kuwa aliinunua kwa fedha yake mwenyewe. Hata wakati ule ofisi haikuwa nazo za kutosha. Herufi zilikuwa zimefutika karibu zote kwa vidole vyake. Binti yao alijifunza kuchapa juu ya vitufe hivyo vipara, na akawa hana haja ya kuangalia chini.

Asubuhi ile binti alikuwa kwenye kibanda cha kutoa kopi alikofanya kibarua. Shangazi yake, dada wa fundi, aliyekuja wakati wa msiba na begi dogo na mpaka leo hajalifungasha, alikuwa uani anaanika nguo. Fundi akabaki peke yake na kibodi. Haikuwa imechomekwa popote. Tangu azike hakuwahi kuigusa, lakini kumsikia binti akifanya mazoezi kulimrudishia swali lililomtekenya miaka mingi bila kumuuliza mwenyewe: mlio ule hasa unatoka wapi, kwenye kofia ya kitufe au huko chini? Akaweka kikombe cha chai pembeni, akainama mpaka sikio likakaribia meza, akabonyeza polepole ili ausikie mlio unapoanzia. Ta. Akajaribu kingine, akasogea zaidi. Kiwiko kikafanya yake.

Ilikuwa chai ya maziwa, yenye sukari ya mgane asiye na wa kumzuia.

Aliipindua kibodi, akaifuta kwa kitambaa, akaitikisa, akaifuta tena. Juu ilikuwa safi. Alipobonyeza, vitufe vilishuka kwa uvivu na kupanda kwa uvivu zaidi. Hapo fundi akatulia, kwa sababu ugonjwa huo aliujua. Ni wa cherehani kila siku. Akachukua kopo lake la mafuta lenye mdomo mrefu, akatia tone moja kwenye kila kitufe, mstari baada ya mstari, akivibonyezabonyeza ili yapenye. Vikalainika. Akaifunika, akaosha kikombe, akajiona mtu mwenye akili.

*

Jioni binti alichomeka kibodi kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, kuukuu, ambayo vitufe vyake vya ndani vilishakufa. Akaandika sentensi moja. Kwenye kioo ikatokea safu ya z, halafu nafasi tupu, halafu k zisizotaka kukoma. Akaangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Baba, hii kibodi umeifanya nini?"

"Nimeitia mafuta. Ilikuwa imekauka."

Binti akaiinua, akainusa. "Mafuta peke yake?"

"Na chai kidogo."

"Kilichoanza ni kipi?"

"Chai ilitangulia."

Shangazi alikuwa mlangoni na beseni. "Kaka, wewe siku ukishikwa na homa nitakutia mafuta ya cherehani, tuone kama utaamka."

"Wewe usichochee."

"Nichochee nini, na nyumba imeshaungua? Mtoto ana usaili keshokutwa. Nafasi moja, waombaji wamejaa mpaka barabarani. Wewe umekosa kingine cha kunywesha chai?"

Binti hakupayuka. Angepayuka ingekuwa nafuu. Aliichomoa, akaifunika kwa leso yake, akasema ataazima nyingine. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Fundi alimwangalia mgongo wake. Kibanda cha kopi kilikuwa kinafungwa mwisho wa mwezi, mwenyewe alishasema. Baada ya hapo nyumba ile ingekula cherehani za watu, na watu siku hizi wananunua nguo zilizoshonwa tayari.

*

Kulipokucha fundi alitangulia kutoka, akaenda kwa mwenye chumba cha mtandao, mtu ambaye cherehani ya mkewe aliwahi kuitengeneza na shukrani ikawa ndiyo malipo. Chumba kilikuwa kimejaa vijana. Fundi akasimama mlangoni, kofia mkononi, akisubiri kuonekana.

"Mzee Mafuta," mwenye chumba akaita bila kuinua kichwa, kwa jina ambalo kopo lake la mafuta lilimpatia mtaani. "Leo umekuja kufungua barua pepe?"

"Nimekuja na ombi. Kibodi moja, ya kesho tu. Mwanangu ana usaili."

"Si mnayo ile ya marehemu? Ile ya kuamsha mtaa?"

Fundi akajikohoza. "Imemwagikiwa."

"Maji?"

"Chai. Halafu mafuta."

Chumba kizima kikacheka, na mwenye chumba akaacha kicheko kiishe chenyewe. "Mzee wangu, nikikupa kibodi, utaniletea supu ndani yake. Zangu zote zina watu, unaona. Na akifeli atasema ni kibodi yangu." Kisha, labda kwa kukumbuka cherehani, akaelekeza kwa kidevu. "Mwone yule binti wa simu, chini ya ngazi. Akishindwa yeye, basi nunueni jembe."

Fundi alishukuru. Aliyekataliwa akishukuru, aliyekataa hujiona ametoa.

*

Binti wa simu alikuwa na meza ndogo ya kutengenezea simu za watu, kioo cha kukuzia, na mwavuli mkubwa wa turubai uliochanika upande mmoja, hivyo jua lilimpiga sikio la kushoto tu. Alifunua leso, akanusa.

"Chai ya maziwa. Sukari nyingi." Akanusa tena. "Na hii ni nini?"

"Mafuta ya cherehani."

Aliiweka chini taratibu. "Nani aliyekushauri?"

"Nilijishauri."

"Baba, sukari ningeipatanisha na maji nikamaliza. Mafuta yameishika sukari, sasa ni gundi." Akachomoa kofia moja kwa waya uliopindwa, kikabaki kijiti chini yake, ndani ya kiboksi kidogo. Kutoka kwenye kopo lake la makorokoro akatoa kiboksi kama hicho, kikuukuu, akakifungua kwa ncha ya sindano na kumsogezea kioo. "Tazama."

Fundi alitazama. Mle ndani kulikuwa na springi nyembamba kuliko uzi wa kushonea vifungo, na vibati viwili vya shaba vilivyokaribiana kama watu wanaotaka kunong'onezana. Alisahau kwamba amekuja kwa aibu. "Huyu anashuka, hawa wanagusana?"

"Wakigusana, kompyuta inajua herufi imebonyezwa. Basi."

"Kumbe ni cherehani ndogo."

"Siyo, baba. Cherehani vyuma vinasuguana. Hapa vinagusana tu. Kinachosuguana kinataka mafuta, kinachogusana kinataka usafi. Wewe umemlainisha mtu aliyetaka kuoga."

"Na mlio unatoka wapi?"

Binti wa simu akamwangalia. Alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye shida. "Kuna kipande hapo pembeni, kinaruka na kugonga ukuta. Kazi yake kukwambia kwamba umebonyeza."

"Kwa hiyo si wale wanaogusana."

"Hapana. Ni mwingine kabisa."

Fundi akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyepewa jibu bure. Miaka yote alidhani ni kofia.

Simu za watu zilikuwa zimepangana mezani. Binti wa simu alisema hana muda wa kusafisha kitufe kimoja kimoja. Kama mzee ataifanya kazi ya mikono mwenyewe, yeye atamalizia asubuhi na mapema kabla ya usaili. Atoe kofia zote, azioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Afungue skrubu. Spiriti ya duka la dawa kwenye kila kiboksi, abonyeze, arudie mpaka ikome kutoa rangi. Mwisho aisuuze bodi kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, maana ya bomba yanaacha chumvi. Aianike penye upepo, asiipeleke juani wala karibu na moto.

"Na usitie kitu kingine chochote," akasema. "Hata ukitamani."

"Nami nitakushonea huo mwavuli."

"Hapo tumeelewana."

*

Shangazi alitoa hela ya spiriti na maji ya betri kutoka mahali fundi alipoficha akiba yake akidhani dada hapajui, akasema anatoa kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya mpumbavu. Walikaa uani mchana wote. Fundi alikunja waya wa spoku ya baiskeli ukawa kama koleo, akang'oa kofia moja moja. Chini yake kulikuwa na miaka: vumbi, makombo ya mkate, unywele mrefu mmoja uliojizungusha kwenye kijiti. Fundi aliuvuta taratibu, akautazama kwenye mwanga, akautia mfuko wa shati. Dada yake aliona, akajifanya anatafuta sabuni.

Tatizo lilikuja kofia zilipokuwa zote kwenye beseni. Shangazi aliingiza mkono, akainua chache, zote vipara. "Kaka. Ulizipanga?"

Fundi akaacha kubonyeza.

"Hizi hazina maandishi. Ipi ni ipi?"

"Nilidhani wewe unazipanga."

"Mimi nimeambiwa nioshe."

Binti aliporudi aliwakuta wamepanga kofia kwenye kanga kuukuu, wakibishana kuhusu moja yenye mkwaruzo. Alisimama, begi begani. Shangazi akaanza kujitetea, fundi naye, wote kwa pamoja, na binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

"Baba, herufi haikai kwenye kofia. Iko chini. Hata ukivalisha kitufe kofia ya jirani yake, herufi itatoka ile ile."

"Haiwezekani."

"Sasa Mama alikuwa anasoma nini hapo, na zimefutika? Cha kuangalia ni mwinamo tu, kila mstari una wake."

Fundi alizigeuza, akaona kweli: nyingine zimelala, nyingine zimeinua uso. Akazipanga kwa kuzipapasa, kama anavyotenganisha sindano. Ilibaki ile ndefu ya nafasi. Akaipachika. Binti akaweka mikono juu yake, akafumba macho, akakunja uso.

"Umeigeuza. Kidole gumba cha Mama kilichimba upande wa kulia."

Wote watatu waliinama kuangalia. Palikuwa na kibonde, chenye mng'ao, upana wa kidole. Fundi aliing'oa, akaigeuza.

*

Asubuhi ya usaili binti wa simu aliichomeka, akabonyeza kila kitufe mbele yao. Vyote vikaitika. Akarudi kwenye kimoja cha kushoto, akabonyeza tena. Ta. Kwenye kioo, kimya. Ta. Kimya.

"Ni A," akasema.

Uso wa binti ulishuka. Ondoa A kwenye lugha yetu, utabaki na nini?

Fundi alikuwa na haraka ya kujilaumu, lakini binti wa simu alikuwa ameshawasha chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. "Sina kiboksi kipya cha aina hii. Lazima tumnyang'anye mwingine." Macho yake yakapanda mpaka pembeni juu, kulia kabisa, kwenye kitufe kilichokaa na wenzake wawili mbali na herufi. Kofia yake ilikuwa bado na maandishi yote, nyeupe kama ya dukani. "Hiki. Ni kizima kabisa."

"Kazi yake nini?" fundi akauliza.

"Hata sijui. Sijawahi kuona mtu anakibonyeza."

"Na kimekaa juu kule."

"Kimekaa juu, hakijachafuka, hakijachoka."

"Ee," akasema fundi. "Namjua."

Risasi ikayeyuka, moshi mwembamba ukapanda, kiboksi cha pembeni kikashushwa kwenda kufanya kazi kwa mara ya kwanza tangu kitoke kiwandani. Pale juu pakabaki pengo kama la jino. Kile kilichokufa fundi alikiomba, akakitia mfukoni.

*

Ukumbi ulikuwa na kompyuta na kiyoyozi kisichopuliza. Waliosindikiza walikaa kwenye benchi la korido, nje ya ukumbi, wakisikia mlango ukifungwa. Kisha wakasikia kibodi ya marehemu. Zingine zote zilikuwa zinanong'ona, hiyo ilikuwa inasema. Haikupita muda mlango ukafunguka, na msimamizi, kijana mwenye tai, akatoka na meza, nyuma yake binti na kibodi, nyuma yake mtu na kompyuta.

"Kelele zako zinasumbua wenzako. Utamalizia hapa."

"Na muda niliopoteza?"

"Muda ni wa wote." Akainamia kibodi. "Mbona hapa kuna kitufe kimekosekana?"

"Hicho hakikuwa na kazi, bosi."

Akachapa pale, kwenye korido, watu wakimpita na mafaili, mmoja akiruka waya, mwingine akiusukuma kwa kiatu. Fundi alikuwa karibu kiasi cha kuona vidole. Alisikiliza. Mlio mmoja ulikuwa mkali kuliko mingine, mpya, unarudi na kurudi. Ndiyo A ile. Kila iliporudi alipumua.

Mkuu wa ofisi akapita na watu wake. Akasimama.

"Mlio huu naujua," akasema, uso umefurahi. "Kulikuwa na mama mmoja hapa, alichapa hotuba zangu zote. Mnamkumbuka? Mama wa kelele." Watu wake wakacheka kumsaidia. Mkuu akapiga vidole. "Alikuwa anaitwa nani vile."

Hakuna aliyejua. Fundi akasimama, kofia mkononi.

"Alikuwa mke wangu."

"Ahaa. Hajambo?"

"Ameshafariki."

"Oo. Pole sana, mzee. Alikuwa mchapaji hodari." Mkuu akangoja kidogo, kidole bado kimeinuliwa, apewe jina. Fundi alikuwa nalo. Alilitamka asubuhi na jioni miaka mingi kuliko ambayo huyu amekalia kile kiti. Akalinyamazia. Kama alimchapia hotuba zote, na alitafute. Mkuu akashusha kidole, akaenda. Binti hakuwa ameinua kichwa, wala mlio haukuwa umekatika.

Alasiri matokeo yalisomwa dirishani. Nafasi ilikuwa moja, na jina lilikuwa la binti wa fundi cherehani. Kijana mwenye tai akaongeza kwamba aanze kazi Jumatatu na aje na kibodi yake, maana suala la kibodi bado linashughulikiwa.

*

Nyumbani shangazi alipika mapema na kuimba vibaya. Fundi alikaa kwenye cherehani yake, taa karibu, akakifungua kile kiboksi kilichokufa kama alivyoonyeshwa, kwa ncha ya sindano. Alitaka kuona dhambi yake ilivyo. Aliinama sana, akageuza, akasafisha kioo cha miwani, akaangalia tena.

"Mwanangu, njoo uone. Macho yangu au nini?"

Binti akainama. Kimoja cha vile vibati vya shaba kilikuwa kimekatika. Pale kilipokatika kilikuwa kimeliwa, chembamba kama ganda la kitunguu, kinang'aa. Hapakuwa na sukari.

"Chai haikufika humu," akasema fundi.

"Mafuta je?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Hayo yamefika. Lakini hiki kimeisha kwa kazi."

Binti akakigusa kibati kwa ncha ya kucha. "A ilikuwa inaruka tangu zamani, Baba. Mimi nilikuwa naibonyeza mara mbili. Mama ndiye aliyenifundisha, alisema hiyo ina uchovu, ipige mara mbili. Leo nilipiga mara moja tu, ikaja. Ndiyo maana niliwahi kumaliza."

Shangazi akatokea jikoni na mwiko. "Kwa hiyo tumshukuru aliyemwaga?"

"Mimi sijasema hivyo," akasema fundi.

"Afadhali. Chai yako iko uani. Utainywea huko mpaka unakufa."

Fundi akarudisha springi, akafunga kiboksi, akatoka nacho. Alikaa kwenye kigoda karibu na kikombe chake. Ndani, binti alikuwa anaifunga kibodi kwenye leso kwa ajili ya Jumatatu. Fundi akashika kile kiboksi kati ya vidole viwili, na bila kutegemea kitu, akabonyeza.

Ta.

Akakiangalia. Herufi isingetoka tena humo, lakini mlio ulikuwa ule ule, kavu, kamili, kama unavyotoka chumba cha mbele mtu akiwa na kazi ya kumaliza.

"Kaka," shangazi akaita. "Umeshika tena kibodi ya mtoto?"

"Sijaigusa."

"Nimesikia."

"Umesikia vibaya," akasema fundi, akakitumbukiza kiboksi mfukoni, akabonyeza tena humo humo.